Titi liondolewe lote au uvimbe tu? Ulinganisho kwa mgonjwa wa Tanga na wanaomsindikiza

Swali hili hufika nyumbani kabla ya majibu ya maabara. Daktari ametaja saratani, na jioni hiyohiyo sebule ya Ngamiani imejaa. Shangazi anataka titi likatwe lote yaishe, mume kanyamaza, dada aliye Dar anapiga simu kusema siku hizi titi halikatwi, hutolewa uvimbe peke yake. Kila mmoja ana jirani wa kumtolea mfano.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa mwanamke anayeishi Tanga, kinachoamua zaidi kati ya njia hizi mbili ni mionzi. Anayebakiza titi kwa kawaida lazima apigwe mionzi baada ya upasuaji, na mashine ya mionzi haipo hapa mjini. Kwa hiyo anayechagua kubakiza titi anachagua pia kukaa wiki kadhaa mbali na nyumbani. Akilijua hilo mapema anaweza kuamua vizuri upande wowote. Akilijua baada ya kushonwa, uamuzi umeshafanywa na wengine.

Ila kuna uchaguzi mwingine unaotangulia, mdogo kwa macho, na huo ndio unaoharibu mambo mara nyingi.

Sindano, au kisu cha kwanza?

Uvimbe wa titi huchunguzwa kwa njia tatu. Sindano nyembamba hufyonza chembe chache. Ni rahisi, ya haraka, na inaweza kusema kwamba chembe hizi ni za saratani. Haiwezi kusema kwa uhakika kama saratani imeshapenya kwenye nyama ya jirani au bado imo ndani ya mirija ya maziwa, na mara nyingi kinachopatikana hakitoshi kwa vipimo vinavyofuata. Sindano nene hutumika baada ya ganzi na hukata vipande halisi vya nyama. Mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo akiwa na plasta. Njia ya tatu ni kumlaza mgonjwa, kumfungua, na kuutoa uvimbe wote ndipo upelekwe maabara.

Hiyo ya tatu ndiyo inayopendwa majumbani, maana inaonekana imemaliza kazi: "Watoe kabisa, tujue." Shida ni kwamba daktari anayetoa uvimbe bila kujua ni nini hawezi kupanga kingo za kukata, na akikuta baadaye ni saratani, mgonjwa hurudi mezani mara ya pili. Nafasi ya kuanza na dawa kabla ya upasuaji nayo imekwenda. Ningemwambia dada yangu akubali sindano nene, na upasuaji wa kuchunguza ubaki kwa pale sindano iliposhindwa kutoa jibu.

Najua linalosemwa: kansa ikiguswa na chuma hukasirika na kusambaa. Wengi wameona mtu aliyechukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa, na baada ya miezi akawa hoi. Ukiuliza vizuri utasikia kwamba baada ya sindano alikaa nyumbani miezi hiyo yote, akiogopa kufuata majibu au akisubiri nauli. Uvimbe ulikua kwa sababu haukutibiwa.

Jambo moja la kiufundi linastahili kusumbua watu kuliko hilo la chuma. Kinyama kikitoka mwilini kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, ndani ya saa moja, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikichelewa, au kikiwekwa kwenye maji ya chumvi, vipimo vya vipokezi, sehemu za chembe ya saratani zinazopokea homoni, vinaweza kusoma "hakuna" wakati vipo, na mgonjwa akanyimwa dawa ambayo ingemfaa. Ukikabidhiwa kichupa ukipeleke mwenyewe maabara ya mbali, uliza kimejazwa nini na saa ngapi, iandikwe kwenye karatasi, na usikiache kabatini mpaka Jumatatu.

Kuhusu picha nitasema kwa kifupi. Ultrasaundi huona vizuri matiti ya msichana na mwanamke kijana, ambayo nyama yake imeshonana, nayo inapatikana kwa urahisi. Mamogramu, picha ya eksirei ya titi, hufaa zaidi kuanzia miaka 40 kwenda juu na huona chembechembe za chokaa ambazo ultrasaundi huzikosa. Mwanamke mwenye uvimbe anaoushika kwa mkono asitulizwe na picha safi peke yake. Uvimbe unaoshikika na unaotia shaka unahitaji sindano hata picha ikisema hakuna kitu.

Hatua na aina: uliza zote mbili

Ndugu wote huuliza hatua, wachache huuliza aina. Hatua hueleza saratani imefika wapi: uvimbe wa sentimita 2 au chini ni mdogo, wa 2 hadi 5 ni wa kati, unaozidi 5 ni mkubwa, na ulioshika ngozi au ukuta wa kifua huhesabiwa peke yake hata ukiwa mdogo. Kisha zinaangaliwa tezi za kwapani. Ugonjwa ukishafika kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo, hiyo ni hatua ya nne. Titi ambalo ngozi yake imekuwa kama ganda la chungwa la Muheza, jekundu na la moto, lisitibiwe kwa wiki na wiki kama jipu. Likitumia dawa za vijidudu bila kupona, sindano ya uchunguzi inahitajika haraka.

Aina hueleza saratani hiyo inasikia dawa gani. Maabara hupima vipokezi vya estrojeni na projesteroni, na protini iitwayo HER2. Vipokezi vya homoni vikiwepo, kidonge cha kila siku kinaweza kufanya kazi kubwa. HER2 ikisomeka 3+, kuna trastuzumabu, dawa inayoilenga protini hiyo. Ikisomeka 2+, jibu halijakamilika na kipimo cha ziada kinahitajika. Vyote vitatu visipokuwepo, tegemeo kubwa la dawa huwa kemo, dawa kali za kuua chembe za saratani. Wanawake wawili wa hatua ya pili waliokaa benchi moja wanaweza kuandikiwa safari tofauti kabisa, na si kwamba mmoja ana daktari mbaya.

Hapa pia watu hupoteza fedha bure. Aliye katika hatua ya kwanza au ya pili, asiye na maumivu ya mifupa wala kikohozi, na vipimo vyake vya damu vikiwa sawa, kwa kawaida hahitaji CT ya mwili mzima. Hatua ya tatu ni tofauti, hapo kutafuta ugonjwa ulikojificha kuna maana. Kabla ya kuuza kiwanja kulipia picha, uliza: jibu la picha hii litabadilisha matibabu?

Sasa, lote au uvimbe?

Tangu William Halsted wa Marekani alipoeleza upasuaji wake mwaka 1894, kwa miongo mingi mgonjwa aliondolewa titi, misuli ya kifua na tezi zote za kwapani. Waliouliza kama yote hayo ni lazima walikuwa madaktari kama Bernard Fisher wa Marekani na Umberto Veronesi wa Italia. Kila mmoja aliongoza utafiti uliowagawa wanawake kwa bahati nasibu, wengine titi zima, wengine uvimbe na mionzi, kisha wakafuatiliwa miaka 20. Majibu yote mawili yalichapishwa mwaka 2002, na yalisema jambo moja: hakuna kundi lililoishi muda mrefu kuliko jingine.

Shangazi anapaswa kulisikia hilo. Kukata titi lote hakumwongezei umri mwanamke ambaye uvimbe wake ungeweza kutolewa vizuri na kufuatiwa na mionzi.

Dada wa Dar naye asikie nusu ya pili. Katika utafiti wa Fisher kulikuwa na kundi la tatu: wanawake waliotolewa uvimbe bila mionzi, nao walirudiwa na saratani kwenye titi lilelile kwa asilimia 39.2 katika miaka hiyo 20. Waliopigwa mionzi, asilimia 14.3. Kutoa uvimbe halafu mionzi ikaahirishwa mpaka mavuno, mpaka mtoto amalize mtihani, ndiyo njia mbaya kuliko zote mbili, na ndiyo inayowapata watu wa mbali na mashine. Wapo wachache, hasa wazee wenye uvimbe mdogo unaosikia dawa ya homoni, ambao daktari anaweza kuwaruhusu waruke mionzi. Hilo ni la kuamuliwa na daktari, lisiamuliwe na nauli.

Kwa upasuaji wenyewe, kutoa uvimbe ni kazi nyepesi zaidi. Jeraha ni dogo na mgonjwa huondoka hospitali mapema. Kuondoa titi lote huacha kovu refu na mpira wa kutolea maji kwa siku kadhaa, lakini wanawake wengi hushangaa kwamba maumivu hayakuwa makubwa walivyodhani. Kinachosumbua miaka ya baadaye ni kwapa. Tezi nyingi zikiondolewa, mkono unaweza kuvimba na ukabaki hivyo, na hili hutokea kwa njia zote mbili. Palipo na utaalamu wa kutafuta tezi mlinzi, zile chache za kwanza zinazopokea maji kutoka kwenye titi, tezi safi huachwa. Anayeinama shambani au kubeba ndoo aulize kuhusu kwapa kwa bidii ileile anayouliza kuhusu titi.

Aliyebakiza titi huhitaji pia picha yake kila mwaka, kwa hiyo safari hazikomi. Anayetolewa uvimbe ajue vilevile kwamba maabara ikikuta kingo zina saratani, atarudishwa mezani. Wengine huchagua kuondoa lote kwa sababu hiyo tu: hawataki kuitwa tena. Ni sababu halali, nami sioni haki ya mtu kumcheka.

Na hapa kuna dhana inayowaangusha wengi: eti ukikata lote unakwepa mionzi. Si kila mara. Uvimbe ukiwa umezidi sentimita 5, umeshika ngozi, au tezi nne na zaidi za kwapani zina saratani, mionzi hushauriwa hata titi likiwa limeondoka, na mara nyingine hata tezi zikiwa chache kuliko hapo. Mwanamke aliyekubali kupoteza titi ili asiende Dar, kisha akaambiwa aende Dar, hukasirika kwa haki. Swali la kumuuliza daktari kabla ya kusaini ni hili: "Nikiondoa lote, kuna uwezekano gani wa kuhitaji mionzi pamoja na hayo?" Jibu likiwa "mkubwa", moja ya sababu zako za kukata lote imeshapungua uzito.

Kuna wasio na uchaguzi. Saratani yenye ngozi nyekundu iliyovimba, uvimbe uliotawanyika pande tofauti za titi, kifua kilichowahi kupigwa mionzi, titi dogo lenye uvimbe mkubwa: hawa kwa kawaida huondolewa lote. Mjamzito hapigwi mionzi mpaka ajifungue, ingawa kemo huweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Mwili na nyumba navyo vimo kwenye mizani. Sijui kwa nini mjadala huu huachwa wa mwisho, kana kwamba ni urembo. Mwanamke wa miaka 35 na wa miaka 70 wanaweza kulia sawasawa. Kwa nguo, fundi cherehani anaweza kukushonea sidiria yenye mfuko wa kuweka titi la kitambaa, na chini ya kanga au buibui hakuna atakayejua. Kwa chumbani, mume aingie naye kwa daktari asikie kwa masikio yake kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Baba aliyenyamaza sebuleni mara nyingi ana swali hilo moja analoona aibu kuliuliza.

Kemo kabla au baada

Kwa aliyekubaliwa kemo, kuianza kabla ya upasuaji au baada yake hakubadilishi kwa ujumla muda wa kuishi. Kinachobadilika ni mengine. Kemo ya kwanza inaweza kuupunguza uvimbe mkubwa mpaka upasuaji uwezekane, au titi libakizwe, na inaonyesha wazi kama dawa inafanya kazi. Kwa hatua ya tatu, kwa aina ya HER2 na kwa ile isiyo na kipokezi chochote, mimi ningeuliza kwa nini tusianze na kemo. Kwa uvimbe mdogo wenye vipokezi vya homoni, upasuaji kwanza una mantiki zaidi, na wengine hawahitaji kemo kabisa. Ukianza na kemo, hakikisha mahali pa uvimbe pamewekwa alama. Ukiyeyuka, daktari wa upasuaji atahitaji kujua ulikuwa wapi.

Kemo nyingi hutundikwa kila baada ya siku 21. Kati ya dripu na dripu mgonjwa yuko Tanga, na Tanga ina malaria. Homa ya nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye kemo isitibiwe kwa dawa za malaria za duka la dawa la jirani. Chembe nyeupe za damu zinaweza kuwa zimeshuka, na maambukizi ya kawaida yakaua kwa siku moja. Aende Bombo, hospitali ya mkoa, usiku uleule, akataje kemo mlangoni kabla ya kutaja homa.

Segera: kushoto au kulia

Ukitoka stendi ya Kange, ukifika Segera barabara inagawanyika. Kushoto ni Dar, kulia ni Moshi, na kutoka Tanga kote ni takriban kilomita 350. Umbali hauamui chochote.

Moshi kuna KCMC, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, ambamo mkoa wa Tanga umo. Upasuaji, maabara ya kusoma vinyama na kemo viko mahali pamoja, na mgonjwa mwenye ndugu Korogwe au Same ana pa kupumzika njiani. Dar kuna Muhimbili kwa upasuaji, na Ocean Road, taasisi ya taifa ya saratani, ambako watu wa Tanga wamekuwa wakienda kwa mionzi kwa miaka mingi. Ikiwa mpango wako una mionzi, siku unapoandikiwa rufaa uliza utapigiwa wapi na foleni ikoje sasa hivi, maana kugawa matibabu kati ya miji miwili kunachosha na mafaili hupotea. Mwanamke aliye na mtu wa kumpokea Temeke au Mbagala, kwangu mimi, aende Dar moja kwa moja. Asiye na mtu Dar na mwenye mpango wa kemo na upasuaji tu, Moshi ni tulivu zaidi.

Uliza pia ratiba ya mionzi. Kwa wagonjwa wengi mara 15 katika wiki 3 imethibitishwa kuwa sawa na mara 25 katika wiki 5. Kwa mtu wa kupanga chumba, hizo wiki mbili ni kodi, chakula na watoto walioachwa kwa bibi. Asiyemudu gharama aanzie dirisha la ustawi wa jamii hospitalini, akiwa na barua ya serikali ya mtaa, kabla deni halijaandikwa.

Vikao vya ukoo visisahau kalenda. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike hospitali mara ya kwanza. Siku hizo huliwa upesi na kusubiri kaka arudi kutoka Oman.

Kidonge na mganga

Mwenye vipokezi vya homoni huandikiwa tamoksifeni, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, wengine 10. Ni kidonge cha bei nafuu ukilinganisha na matibabu mengine ya saratani, na kwa saratani ya aina hiyo miaka 5 ya kukimeza hupunguza vifo kwa takriban theluthi moja katika miaka 15. Aliyekoma hedhi anaweza kupewa anastrozoli badala yake. Ambaye bado anapata hedhi haimfai peke yake. Ningeogopa kukosa kidonge hiki kuliko kukosa titi.

Dawa za miti sitazilinganisha kwenye safu moja, kwa kuwa hakuna mti uliothibitishwa kuondoa saratani ya titi. Anayetaka dua, kombe au kusomewa, hayo hayagombani na sindano. Dawa za kunywa zinaweza kugombana na kemo, na za kupaka juu ya uvimbe huchubua ngozi mpaka daktari asijue kidonda ni cha ugonjwa au cha dawa.

Ningechagua nini

Mama wa Pongwe, miaka 45, uvimbe wa sentimita 2, kwapa safi, vipokezi vya homoni vipo, ana mdogo wake Dar: uvimbe tu, mionzi Ocean Road, kisha tamoksifeni. Akiwa na hali hiyohiyo lakini hana pa kufikia Dar na ana watoto wadogo wasio na wa kuwaangalia: titi lote, baada ya kumuuliza daktari lile swali la mionzi, na asijione amechagua tiba ya pili kwa ubora.

Binti wa Lushoto, miaka 32, uvimbe wa sentimita 6, hakuna kipokezi chochote: kemo kwanza, Moshi au Dar, na uamuzi wa titi usubiri uone uvimbe umeitikaje. Kabla ya dripu ya kwanza aseme kama bado anataka kuzaa.

Bibi wa Pangani ambaye saratani imeshafika mifupani: kwake kuondoa titi kwa kawaida hakurefushi maisha, na mkutano wa ukoo kuhusu kisu umepita wakati wake, isipokuwa kidonda kinatoa damu au harufu. Vipokezi vyake bado vipimwe, kwani kidonge kinaweza kumpa muda mzuri. Maumivu ya mifupa yatibiwe kwa mofini ya maji, na mionzi michache ikipatikana hutuliza sana. Muheza, kwenye Hospitali Teule, tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa, imekuwepo kwa miaka mingi, na kutoka Pangani si lazima afike Segera ndipo apate usingizi.